Nani Anabadilisha Taa Yangu ya Barazani

4 Desemba

Taa ya barazani imeungua jana jioni nikiwa katikati ya pindo. Ilikuwa globu ya zamani, wati mia, ile yenye waya ndani, ambayo ukikaa chini yake unasikia joto utosini. Joshua, mwanangu aliye Mwanza, amefurahi kwenye simu utadhani nimempa habari ya harusi. Anasema ile globu ilikuwa inamaliza uniti kuliko friji, sasa niweke taa za kisasa zinazobana umeme. Nimemwambia sawa, lakini taa ya barazani kwangu si pambo. Mimi ni fundi cherehani, miaka thelathini na moja nashonea pale kwa sababu ndani kuna joto, na kazi yangu inaanza jua linapopungua makali. Bila taa sina kazi. Na kazi ipo: Hilda, mwenyekiti wa kwaya, ameleta vitambaa vya sare arobaini, zinatakiwa Pasaka.

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo maana kurasa ziko tupu, na humu ndani sina wa kuongea naye ila Gladness, mke wa Joshua. Huyo si mtu wa kuongea. Anajibu "ndiyo mama", halafu anafanya anavyojua.

6 Desemba

Tumekwenda Majengo, dukani kwa Alnashir. Namfahamu tangu marehemu baba yake, mzee Valimohamed, aliponiuzia cherehani yangu ya kwanza, lakini kufahamiana hakumzuii mtu kukuuzia feki. Amenitolea kijitaa cha LED cha wati tisa. Nikamwambia asinichezee, mimi natoka kwenye wati mia. Akasema nisitazame wati, nitazame lumeni, zimeandikwa kwenye boksi. Eti wati ni inachokula taa, lumeni ni inachotoa. Mimi ninavyojua, ng'ombe asiyekula hakamuliwi.

Basi akaichomeka kwenye soketi ya kujaribia pale kaunta. Hiyo ndiyo desturi ya maduka yote ya umeme hapa mjini: unaijaribu mbele ya muuzaji, ikiwaka umelipa, ukishavuka mlango hairudi. Ikawaka nyeupe mpaka nikafumba macho. Nikaridhika. Gladness akabeba mfuko, tukapanda bajaji mpaka nyumbani Nkuhungu.

Jioni Gladness amepanda stuli akaifunga. Imewaka kama tochi ya betri kuukuu. Pembeni yake kuna ukungu. Ile ya dukani na hii si moja.

7 Desemba

Nimeiangalia tena. Si ile.

12 Desemba

Mvua ya kwanza, ya kulaza vumbi tu. Gladness kasema taa hii ni nzuri, mwanga unafika mpaka getini. Nimemtazama tu. Mtu anasifia kitu kibovu namna ile kwa faida ya nani?

15 Desemba

Nimemrudishia Alnashir taa yake. Kwa desturi angenifukuza, lakini ameagiza chai kwanza. Nikamwambia mbele ya wateja wawili kwamba anauza taa za maonyesho, zinawaka dukani tu. Hakukasirika, na hilo ndilo limenitia shaka zaidi. Akanibadilishia, akanipa ya wati kumi na tano, tukaijaribu, ikawaka kweli kweli. Akashauri kwamba kipindi hiki cha mvua nichukue ya njano, maana nyeupe inaita wadudu. Nikamwuliza hizo za njano zimemdodea tangu lini. Akacheka. Gladness naye akacheka. Nimewaona.

Jioni, hali ile ile. Sasa nimekaa nimefikiri. Taa imewaka dukani nikiiona, ikaingia kwenye mfuko, mfuko ukaingia kwenye bajaji, bajaji ikafika nyumbani. Mara zote mbili mfuko umebebwa na mtu mmoja. Alnashir nilikuwa namwonea. Kwao Gladness ni Busi, kule Kondoa, na umeme umewafikia mwaka jana. Watu waliounganishiwa umeme juzi wanahitaji nini? Taa.

20 Desemba

Mvua ya maana mchana kutwa. Kuingia magharibi, kumbikumbi wakatoka ardhini wote kwa pamoja wakaja kwenye ile taa nyeupe. Wameingia kwenye vitambaa, kwenye mafuta ya cherehani, mpaka ndani ya blauzi yangu. Nimeacha kazi. Gladness akaweka karai la maji chini ya taa, akajaza nusu karai, akawakaanga kwa chumvi. Nimekula. Walikuwa watamu lakini sikumwambia.

24 Desemba

Joshua haji Krismasi. Kazi, kazi, kazi.

3 Januari

Joshua ametuma kwa basi taa ya sola yenye sensa: mtu akipita inawaka, akitulia inazimika. Haitumii uniti hata moja, anajisifu. Gladness ameifunga ukutani karibu na cherehani. Sasa mimi nikikaa nashona, nimetulia kama fundi anavyopaswa kutulia, taa inazimika. Lazima nipunge mkono iwake. Majirani wakipita wanadhani nawaaga. Taa gani inamtaka fundi acheze?

7 Januari

Lakini ile taa ya sensa ina faida ambayo Joshua hakuifikiria. Leo alfajiri, saa kumi na moja, nimeamka kwenda uani nikaona dirishani mwanga wa barazani umewaka. Ukazimika. Ukawaka tena. Kuna mtu pale. Nilipofungua mlango nilimkuta Gladness anafagia, eti ameamka mapema. Kulipokucha nimepapasa sakafu chini ya cherehani yangu nikaokota vipande vya uzi. Mimi jana sikushona.

9 Januari

Kumbe anajifunza. Alfajiri tatu mfululizo taa imewaka. Na leo nimemsikia anaongea na Hilda kwenye simu, sauti ya chini, anasema, "Mama asijue, nitazimaliza mimi." Nimesimama nyuma ya mlango mpaka miguu ikafa ganzi. Basi picha imekamilika: taa zangu nzuri anazipeleka kwao, mimi nashona gizani, kazi yangu inaharibika, wateja wanahamia kwake. Na hili ameliandaa taratibu, kwa "ndiyo mama" zake. Roho imeniuma sana, maana huyu binti nilimpokea kwa mikono miwili.

14 Januari

Leo amenishangaza. Ameniletea chai, akapiga magoti, akasema labda twende hospitali nikapimwe macho. Nimemwambia akapime adabu yake kwanza. Naijua hiyo hesabu. Kwanza macho, kesho masikio, kesho kutwa mama amezeeka, apumzike, cherehani aachiwe mtu mwingine. Thubutu.

22 Januari

Sindano imenichoma mara tatu. Sindano za siku hizi matundu yake wanayaziba.

23 Januari

Mvua.

28 Januari

Nimekwenda peke yangu kwa Alnashir. Gladness alitaka kunisindikiza nikamkatalia. Nilijikwaa kwenye ngazi ya duka lake, ngazi ambayo nimeipanda maisha yangu yote, wameipandisha juu. Nikanunua ya tatu, wati ishirini, tukaijaribu. Akaniuliza kwa upole kama huko nyumbani kuna mtu mwingine anayelalamika kuhusu mwanga. Nikamjibu kwamba mwizi halalamiki.

Kabla ya kutoka nimefanya jambo langu. Nimetoa uzi mwekundu kwenye mkoba nikaufunga shingoni mwa taa, kwa fundo ninalofungia vifungo, ambalo alinifundisha mama yangu na sijamfundisha mtu. Sasa ibadilishwe tuone.

30 Januari

Nimeshinda Kibaigwa kwenye msiba wa binamu. Taa nimeiacha nyumbani na Gladness aifunge. Nimemwachia makusudi.

31 Januari

Nimesimama chini ya taa saa moja jioni, nimeinua kichwa mpaka shingo ikauma. Hakuna uzi. Nimepanda kwenye stuli. Hakuna uzi. Kuna taa tupu yenye ukungu wake. Nimeshuka nikakaa chini. Yaani nilikuwa najua, lakini kujua na kuthibitisha ni vitu viwili.

1 Februari

Nimempigia Joshua. Nimemweleza yote: taa tatu, sola, alfajiri, Hilda, uzi. Akasema, "Mama, ongea naye kwanza." Nikamwambia nimeshaongea, bado yeye. Aje amchukue mke wake, au mimi nitamtafutia bajaji ya kumfikisha stendi. Akasema nimpe wiki mbili. Nimempa mpaka Jumamosi ijayo.

Nimemwambia na Gladness pia. Ameuliza, "Nimefanya nini, mama?" Nikamwambia ajiulize mwenyewe. Chakula cha jioni amepika kama kawaida, wali na mlenda, na mimi nimekula chumbani.

5 Februari

Hatusemezani.

6 Februari

Hatusemezani. Mvua usiku kucha, bati linapiga kelele. Sare zimebaki kumi na nane.

8 Februari

Leo naandika kwa shida na naandika yote.

Joshua hakuja, kapiga simu kwamba amekosa ruhusa. Gladness hakumsubiri. Alikuwa amefunga begi lake tangu asubuhi, akafua mashuka yangu, akaanika, akaanua mvua ilipotishia. Jioni nikiwa barazani kwenye kiti changu, akatoka na begi, akaliweka karibu na mlango. Halafu akaleta stuli. Nikadhani anataka kuondoka na taa mbele ya macho yangu, nikajiandaa kupiga kelele majirani wasikie. Akapanda, akaifungua taa, akashuka, akapiga magoti, akaniwekea mkononi ikiwa bado ina joto.

Akasema, "Mama, taa yako hii hapa. Nimekukabidhi mwenyewe, nisije nikasemwa huko nyuma."

Nikaishika. Kabla sijamjibu, kidole changu cha shahada kikapita shingoni mwa ile taa kikakuta uzi. Nikaupapasa. Nikalikuta fundo. Fundo ni langu. Duniani hakuna mtu mwingine anayelifunga hivyo, kitanzi kimoja chini, viwili juu, mkia umefichwa. Nikaisogeza taa karibu na uso, karibu zaidi, nikaigeuza kwenye mwanga wa jua uliobaki. Kwa mbali sana nikaona kama doa jekundu. Nikisogeza inchi mbili, linapotea.

Nikamwuliza huu uzi umekuwepo siku zote. Akasema ndiyo, aliuona wakati anaifunga, akadhani ni alama ya dukani, akauacha.

Sikuwa tayari. Mtu ukishakuwa na hakika wiki tisa, hakika haitoki kwa siku moja. Nikamwambia airudishe taa juu na aiwashe. Akafanya. Nikamwambia achukue lile boksi la taa, aende nalo mpaka getini, asome yaliyoandikwa. Getini ni hatua ishirini. Giza lilikuwa limeingia. Akasimama kule akaanza kusoma, taratibu, kama msomaji kanisani: wati ishirini, lumeni elfu moja na mia nane, masaa elfu kumi na tano, usiweke kwenye unyevu. Akasoma na herufi ndogo za chini kabisa. Mimi nilikuwa chini ya taa yenyewe, nimeshika kitambaa cha sare mapajani, na sikuweza kuona mshono wangu uko wapi.

Nikamwita arudi. Nikamwuliza kuhusu alfajiri. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu aolewe. Alisema Hilda alirudisha sare sita kabla ya mwaka mpya, mapindo yamepinda, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Hilda alitaka kuja kuniambia na kuchukua vitambaa vyake ampelekee fundi mwingine. Gladness akamwomba asije. Tangu hapo anaamka saa kumi, anafumua nilichoshona jioni, anashona upya, anafagia nyuzi. Anajua kushona, alijifunza kwa kuniangalia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Nilikuambia twende hospitali."

Nilimwona kama mwizi kumbe ni yeye aliyekuwa anaiziba aibu yangu kila siku kabla jua halijachomoza. Nimeona haya, haya ya kutaka kujificha chini ya meza. Nilichoweza kusema ni kwamba mvua inakuja, begi litalowa, aliingize ndani. Akaliingiza.

9 Februari

Neno samahani halijatoka. Nimelifikisha mpaka mdomoni mara mbili. Nikaomba chumvi.

13 Februari

Alnashir amekuja nyumbani, Gladness alimpigia simu. Nimemwomba radhi, yeye ilikuwa rahisi. Akasema alishaelewa siku ya ngazi. Hakuuza kitu. Ameishusha taa kutoka darini, akaning'iniza ya njano ya wati tisa kwa waya juu ya cherehani, ndani ya kikofia cha bati ili mwanga ushuke kwenye kitambaa badala ya kumwagikia uani. Ile ya sensa akaihamishia getini, ambako watu wanapita. Wadudu wamepungua. Uniti zinakaa. Naona kidogo zaidi, lakini kidogo tu, na sasa ninajua tatizo haliko kwenye taa.

Gladness anashona mchana, waziwazi. Mimi nakata kwa kupapasa.

20 Februari

Nimeahirisha hospitali. Naogopa.

27 Februari

Nimeahirisha tena. Gladness ameweka nauli mezani na gauni langu la kutokea ameshalipiga pasi.

6 Machi

Mwandiko huu si wangu. Mimi nasema, Gladness anaandika, kwa sababu daktari ameniwekea dawa ya kutanua mboni na leo sioni hata mstari. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipunguze.

Daktari ni kijana, mpole, ana haraka. Amesema jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, hilo litasafishwa. Lakini macho yote mawili yana presha, na la kulia presha imeshakula sehemu kubwa, na kilichokwenda hakirudi. Nimeuliza mara mbili, nikapata jibu lile lile. Kazi iliyobaki ni kuliokoa la kushoto, kwa matone kila siku mpaka kufa, na pengine upasuaji. Ili aamue kama matone yatatosha au upasuaji utahitajika, alitaka kujua presha inakwenda kwa kasi gani. Akaniuliza giza lilianza lini.

Nikasema juzi juzi. Akasema juzi ya mwezi gani, mama, hilo ndilo muhimu kuliko yote. Sikuweza kumwambia. Miezi yote hii nilikuwa nasema ni taa. Nikakumbuka kwamba yote nimeyaandika, na tarehe zipo, na daftari liko kwenye mkoba kwa sababu ya vipimo vya sare. Nikatamani kusema sikumbuki. Nilijua yaliyomo. Lakini ni jicho langu, ni mkate wangu, nikalitoa.

Nesi akajaribu kulisoma, mwandiko ukamshinda, mistari inapandana. Akalirudisha. Anayeweza kuusoma mwandiko wangu ni mmoja tu, na alikuwa ameketi karibu yangu ameshika kanga yangu. Akaniuliza kama asome. Nikamwambia asome kuanzia Desemba.

Akasoma. Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea boksi la taa. Akasoma mfuko ulibebwa na nani. Akasoma habari za kwao Busi. Akasoma alfajiri, na mlango niliosimama nyuma yake, na niliyomjibu alipopiga magoti na chai. Hakuruka hata neno, ingawa angeweza, maana mimi nisingejua na daktari asingejua. Daktari alikuwa anaandika tarehe tu: hapa aliona ukungu, hapa alishindwa sindano, hapa alijikwaa. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, nesi akadhani ni dawa.

Hapa Gladness amesita kuandika. Nimemwambia andika.

Nikamshika mkono nikasema mbele yao, "Mwanangu, nisamehe." Lilitoka lenyewe. Alikuwa katikati ya habari za tarehe moja Februari, siku niliyomfukuza. Daktari, ambaye hakuwa amemwuliza msomaji wangu jina, akainua kichwa, akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua mgonjwa wake anaishi na nani, "Na huyu Gladness, mama, bado mnakaa naye?"



"Ndiyo, daktari," akasema Gladness mwenyewe, kabla sijajibu. "Bado tunakaa naye." Akafunua ukurasa, akaendelea kusoma.